Kilemba cha Mwalimu wa Mbali

Shahada yangu niliisomea ndani ya stoo ya mashuka. Hoteli ninayofanyia kazi iko Diani, upande wa kuelekea Galu, na sisi watu wa dobi zamu yetu ilikuwa imekatwa katikati. Tuliingia asubuhi, tukapumzika mchana wageni wakishakula, kisha tukarudi jioni kugawa taulo. Mapumziko hayo wenzangu waliyatumia kulala au kupiga soga kwenye kantini ya wafanyakazi. Mimi nilijifungia stoo, nikakaa juu ya robota la mashuka yaliyokwisha kupigwa pasi, nikafungua simu. Humo ndani mlikuwa na joto na harufu ya sabuni, na sauti pekee ilikuwa ya mashine za kukaushia upande wa pili wa ukuta.

Chuo chenyewe hakina jengo ninaloweza kukuonyesha. Kiko mtandaoni, na masomo yake yote yamejengwa juu ya vitabu vya bure, vilivyoandikwa na walimu wa nchi mbalimbali kisha wakaviachia umma. Ukurasa wa mwanzo wa kila kitabu una maneno ya ruhusa: nakili, gawa, geuza upendavyo, mradi umtaje aliyeandika. Mara ya kwanza nilipoyasoma maneno hayo nilidhani ni mtego. Sijazoea kuambiwa chukua. Pale hotelini hata kipande cha sabuni alichoacha mgeni kina masharti yake.

Lakini haikuwa mtego. Nikachukua. Nilisomea mambo ya biashara, somo baada ya somo, kwenye kioo kisichozidi kiganja changu. Kilichonitesa si ugumu, maana ugumu huchoka kabla yangu. Kilichonitesa ni kwamba hapakuwa na mtu. Kitabu kikinishinda sikuwa na wa kumgeukia nikamuuliza, hivi wewe umeelewa? Kazi zetu tulisahihishiana wenyewe kwa wenyewe, wanafunzi tusiojuana, na wenzangu walikuwa majina tu kwenye kioo, tena wengine herufi mbili za mwanzo. Niliwahi kupatana na mmoja, tukawa tunaandikiana kuhusu mtihani. Siku moja jina lake likatoweka kwenye darasa, nami sikuwa na pa kuulizia. Mtu akiondoka kijijini, hata kama hakuaga, utasikia alikokwenda. Huyu nilimkosa hivi hivi.

Nilikuwa mpweke. Nalisema waziwazi kwa sababu wakati ule sikulisema. Mwenzangu wa dobi, mwanamke wa Mackinnon Road mwenye kicheko cha kujaza chumba, alikuwa akinipitia mlangoni na kuita, "Profesa, theluji imeshaanguka huko?" Nilikuwa nimefanya kosa la kumsomea mfano mmoja wa kitabuni, wa kampuni inayokodisha mashine za kuzoa theluji, naye hakunisamehe. Nilicheka naye, kisha nikarudi kwenye theluji yangu peke yangu.

Hiyo theluji ndiyo iliyonifanya siku moja niitumie ile ruhusa ya kugeuza. Kazi ya wiki ilitaka tuchambue gharama za kampuni ile ya mashine. Mimi nikaifuta, nikamweka mwanamke anayeuza mahamri na mbaazi za nazi nje ya hospitali ya Msambweni: unga, kuni, nazi, mvua inayofukuza wateja, na ndugu wanaokula bila kulipa. Nikaandika chini kwamba nimegeuza mfano kwa ruhusa ya kitabu. Mwalimu msimamizi wa somo lile, mwanamke wa nchi za mbali anayejitolea, akaandika pembeni: "Mahamri ni nini? Natamani kuonja." Maneno hayo machache niliyasoma hata nikaona haya. Katika masomo yote, lilikuwa swali la pekee ambalo mtu aliniuliza kwa kuwa alitaka kujua, bila alama ndani yake.

Kwetu ni Msambweni. Mama yangu ni mwalimu wa madrasa, anasomesha watoto wa kike barazani kila siku baada ya alasiri, na ameifanya kazi hiyo tangu mimi sijazaliwa. Kwa hiyo mambo ya kusoma na kusomeshwa ana maneno nayo. Kila siku yangu ya mapumziko nilipokwenda nyumbani, tukishamaliza shikamoo na marahaba, na habari za kazi, na habari za mwili, aliniuliza swali lile lile.

"Na mwalimu wako hajambo?"

"Mama, sina mwalimu. Nina vitabu."

"Vitabu vina wenyewe."

"Wenyewe ni wengi. Wameandika, wakaviacha."

"Wameviacha vipi? Wamekufa?"

"Hawajafa. Wamevitoa bure, kila mtu asome."

Mama alikuwa akinitazama kama anavyomtazama mtoto aliyekuja darasani bila kutawadha. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," akasema. "Elimu yenyewe ikiwa nzuri, itatolewaje bure na isiwe na wa kuisimamia?"

Nilijaribu kumweleza. Nilimwambia kwamba hata yeye hawatozi wazazi masikini. Akasema hilo ni kweli, lakini yeye kila mtoto anamjua uso, anamjua mama yake, na akikosea herufi anajua kakosea kwa uvivu au kwa njaa.  Nikamwambia chai inapoa.

Inafaa nieleze jambo hapa, maana wasiokuwa wa pwani huenda wasilijue. Kwetu mtu akimaliza kufunzwa kazi au elimu, humpa mwalimu wake kilemba. Si lazima kiwe kitambaa cha kichwani. Hilo ni jina la zawadi tu. Mwanafunzi na wazazi wake huenda kwa mwalimu, humshukuru, humkabidhi, naye hutamka mbele yao kwamba amemridhia mwanafunzi wake, kisha humwombea dua kwa jina. Hapo ndipo elimu inapohesabiwa kuwa imekwisha. Bila radhi ya mwalimu, wazee husema, elimu haina baraka. Utaijua, lakini haitakufaa.

Kaka yangu alipomaliza kufunzwa kazi ya kuchomelea vyuma Ukunda, mama alimpelekea fundi wake kanzu na shuka. Fundi alimwekea kaka mkono kichwani, akasema, "Nimemridhia." Nyumbani ulipikwa wali wa nazi na samaki wa kupaka, watu wakala mpaka wakalegea. Leo kaka anatengeneza mageti na madirisha, kazi hazimwishi, na mama haamini kwamba sababu ni ufundi wake. Anaamini sababu ni ule mkono.

Mimi nilimaliza shahada yangu mchana mmoja, nimekalia robota. Ujumbe uliingia kwenye simu ukinipongeza, na jina langu liliandikwa na mashine, maana lilikuwa limezungukwa na maneno yale yale ambayo bila shaka wengine wote waliandikiwa. Nikainuka. Nikatafuta wa kumwambia. Mwenzangu wa Mackinnon Road alikuwa akivuta mkokoteni wa taulo zilizotoka ufukweni, nikamwambia nimemaliza. Akaniachia mkokoteni, akanikumbatia kwa nguvu kweli kweli, kisha akasema, "Haya, profesa, shika upande ule, wageni waliokwenda kisiwani Chale wanarudi saa hizi." Tukasukuma.

Siku ya mapumziko nilipita saiba moja, duka la kompyuta, pale Ukunda, nikachapisha cheti. Kijana wa saiba, mtu wa bara, alikitazama kikitoka kwenye mashine. "Congrats, madam. Tuifanyie lamination?" akauliza. Nikasema aifanye. Hayo ndiyo yalikuwa mahafali yangu, kama kuna anayeuliza.

Nyumbani nilimkuta mama kaketi jikoni anakuna nazi. Akaiweka mbuzi ya kukunia kando, akanawa, akafuta mikono kwenye leso, ndipo akakipokea kile cheti kwa mikono miwili. Alikitazama kwa adabu, juu mpaka chini. Kisha akanirudishia.

"Mwalimu amekuridhia?"

Mimi ni mwepesi wa hasira, na siku ile zilikuja zote. Nilimwambia nimefaulu. Nilimwambia alama zipo, zimeandikwa, azisome. Nilimwambia nimesoma miaka nikiwa nimekalia mashuka ya watu, na hakuna aliyenishika mkono, sasa nimkute wapi wa kuniwekea mkono kichwani?

"Alama ni za mtihani," akasema mama, wala hakupandisha sauti. "Mimi nimekuuliza radhi."

Nikatoka, nikaenda kukaa nyuma ya jiko kwenye makumbi ya nazi kama mtoto aliyenyimwa. Nilikuwa na umri wa kuwa na watoto madrasani, na nilikuwa nikilia kwa ajili ya wali wa kaka yangu. Ndivyo ilivyokuwa. Sikutaka cheo hotelini, wala sikutaka kuitwa profesa. Nilitaka mama awaite watu, awaambie mwanangu amemaliza kusoma, na nilijua kwamba hataweza kusema hivyo maadamu moyoni mwake sijamaliza. Mama hasemi asichokiamini, hata kwa kunifurahisha.

Baadaye akaniita ndani. Alikuwa amefungua sanduku lake, na mapajani alikuwa na kitambaa cheupe cha kilemba, kipya, chenye tarizi ya hudhurungi pembeni.

"Hiki nilikinunua ulipoanza mwaka wa pili," akasema. "Nilidhani utachoka uache, lakini nilikinunua. Sasa niambie nimpelekee nani. Nionyeshe mtu mmoja tu."

Sikujua kama nicheke au nilie tena. Miaka yote ile nilidhani ananidharau, kumbe ananisubiri. Nikawafikiria waandishi wa vile vitabu, majina mengi mengi yasiyo na sura. Nikawafikiria wenzangu wa herufi mbili. Kisha nikamkumbuka yule aliyeuliza habari za mahamri.

"Kuna mmoja," nikasema. "Lakini ni mwanamke, na yuko mbali, ng'ambo huko."

"Mwanamke! Na muda wote huu hukusema, unaniacha na kilemba cha mwanamume sandukuni?"

Kesho yake alikwenda mwenyewe Ukunda kukibadilisha kwa leso, yaani kanga. Mwenye duka alitoa jozi baada ya jozi, naye akazisoma zote. Moja aliirudisha kwa sababu maneno yake yalikuwa ya kumpiga mke mwenza kijembe. Nyingine kwa sababu ilisifu mapenzi kupita kiasi. "Mwalimu hapewi leso ya chumbani," akasema. Mwishowe akachagua iliyomshukuru Mungu, kwa kuwa hiyo haina ugomvi na mtu.

Mimi nikaandika. Nilimweleza yule mwalimu, kwa Kiingereza changu cha vitabuni, kwamba mama yangu angependa kumshukuru. Akajibu kwamba atafurahi, ana muda kidogo asubuhi kabla ya kwenda kazini kwake, nasi kwetu ingekuwa jioni. Jibu lake lilikuwa la upole, nikalisoma nikatabasamu peke yangu. Nilijiambia, huyu ananijua.

Siku hiyo mama aliwaruhusu watoto wa madrasa mapema. Alioga, akavaa baibui lake la kutokea, akafukiza udi nyumba nzima, nikamwambia harufu haifiki huko, akasema hilo ni shauri la harufu. Mkeka ulitandikwa. Leso ilikunjwa, ikawekwa juu ya sinia. Nikataka kuisimamisha simu juu ya marufaa, kile kibao cha kuwekea msahafu, akanipiga jicho, basi nikaiegemeza kwenye birika. Mimi nikaketi kando ya birika, nikikichungulia kioo kwa pembeni, ili nitafsiri.

Akatokea. Alikuwa mwanamke wa makamo, nywele zina mvi, amevaa sweta, ameketi jikoni kwake na kikombe mkononi. Alikuwa na uso mwema. Mama akaanza salamu, na salamu za mama si za haraka: hali yako, na mwili, na watu wa nyumbani, na watoto, na majirani, na kazi. Nikatafsiri moja moja. Yule mwanamke akajibu njema, njema, njema, huku akianza kuonekana kama mtu anayetafuta mwisho wa foleni.

Kisha mama akakaa sawa. "Mwambie, mwanangu amemaliza kwake. Mimi ni mzazi wake. Baba yake angekuwa hai angekuja yeye. Nimekuja kumshukuru, na hiki hapa ni kilemba chake, nitamtumia. Na ninamwomba amridhie mwanangu, amwombee dua."

Nilihangaika kutafuta neno la radhi. Nikasema mama anataka kujua kama umeridhika nami, kama mwanafunzi wako, na ulitamke.

 Macho ya yule mwalimu yakahamia pembeni, nikajua kuna kioo kingine pale, nikajua ananitafuta. Nikamsaidia. Nikamkumbusha somo lenyewe, na mfano nilioubadilisha, na mahamri. Akatabasamu tabasamu la mtu anayetaka sana kukumbuka. Akakiweka kikombe chini. Akasema anasikitika, kwamba madarasa ni makubwa na hubadilika kila baada ya majuma machache, kwamba hufanya kazi hii baada ya kazi yake nyingine, na kwamba mama yangu amemheshimu kiasi kwamba haoni vyema kumdanganya. Hanikumbuki. Anajua nilikuwa darasani kwake kwa sababu jina langu analiona mbele yake, basi.

 Lile swali lake nililibeba miaka, nikiwaza kwamba huko ng'ambo yuko mtu mmoja anayenijua, na kumbe yeye alilidondosha tu akapita. Sikumkasirikia. Afadhali ningemkasirikia.

"Amesema nini?" akauliza mama.

Ningeweza kusema lolote. Mama hajui Kiingereza, na yule mwanamke hajui Kiswahili, na mimi niliyekuwa katikati ndiye niliyekuwa na ufunguo. Ningesema, amesema ameniridhia. Tungekula wali siku hiyo hiyo. Lakini nilikuwa nimechoka kuwa peke yangu na jambo, na uwongo ule ningebaki nao mimi tu.

"Amesema hanikumbuki, mama. Hanijui."

Mama akautazama uso ule kwenye simu. Nikangoja aichukue leso yake, ainuke.

"Ni mkweli," akasema. "Huyo ni mwalimu." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe umekaa wapi? Hakuoni."

Kweli hakuniona. Nilikuwa nimejificha kando ya birika muda wote, sauti tu. Mama akanishika mkono akanivuta mkekani mpaka mbele ya simu, bega langu likagusana na lake.

"Mwambie mwanangu ni huyu. Amtazame vizuri."

Nikatafsiri, nami nikaona haya kujitafsiri mwenyewe. Yule mwanamke akachukua miwani yake mezani, akaivaa, akasogea karibu na kioo. Nikainamisha kichwa.

"Inua uso," akasema mama.

Nikauinua. Tukatazamana, mimi na mwalimu wangu, kwa mara ya kwanza.

"Jina lako anajua kulitamka?"

Nikamuuliza. Akasema ameliona limeandikwa mara nyingi lakini hajawahi kulitamka, na anaomba ajaribu. Akajaribu, akalivunja vipande. Mama akatikisa kichwa, akalitamka polepole, herufi kwa herufi, kisha akangoja. Mwanamke yule akarudia. Mama akamsahihisha mwisho wake. Akarudia tena, mama akamsahihisha katikati, bila haraka na bila kucheka, na yule mwalimu mwenye mvi akawa ananyoosha shingo na kutazama midomo ya mama yangu kama mtoto wa safu ya mbele. Akakosea, akarudia, mpaka akalipata lote, jina langu na la baba yangu, likatoka kwenye simu lilivyo.

Machozi yalinishuka, nikayaacha. Miaka yote niliyosoma katika chuo kile, hapakuwa na mtu aliyewahi kuniita.

Mama akaniwekea leso mikononi, akanisukuma kidogo mgongoni.

"Haya," akasema. "Sasa anakujua. Mwombe radhi yake."